Je, unamjua kambare uliyemweka sebuleni?

UKIABIRI matatu nambari 58 kutoka katikati ya jiji la Nairobi, msomaji mpenzi, barabara ya Jogoo itakupitisha kando ya mitaa ambayo kila mmoja una historia yake: Shauri Moyo, Kaloleni, Maringo, Bahati, Jericho, kisha Buruburu yenyewe iliyoanza kujengwa miaka ya 1970. Nyumba ni nyingi na watu ni wengi zaidi. Lakini ukibisha hodi na kukaribishwa ndani, au ukiketi kwa kinyozi kungojea zamu yako, huenda ukakuta kitu ambacho wageni wengi hawakitarajii katika Eastlands. Ni tangi la kioo lenye maji, taa ndogo na samaki wa mapambo.

Samaki wa juu hawana siri. Ni wekundu, manjano au wenye milia, na kila mtoto wa nyumba anawajua. Hebu inama utazame chini kabisa, nyuma ya jiwe. Hapo utamwona mmoja wa rangi ya matope, mwenye masharubu, anayejificha mchana na kutoka taa zikizimwa. Uliza jina lake. Aghalabu utaambiwa kwamba huyo ni wa kusafisha kioo, au kwamba ni kambare tu, basi.

Jibu hilo halitoshi. Duniani kuna zaidi ya aina 3,000 za samaki wa jamii ya kambare. Wapo wasiozidi urefu wa kidole, na wapo wanaozidi urefu wa mtu mzima. Wapo wanaolamba ukoga na wapo wanaomeza samaki wenzao usiku ule ule unaowaleta nyumbani. Anayefuga kambare asiyemjua ni sawa na mwenye nyumba aliyempangisha mtu bila kumwuliza jina wala kazi.

Leo basi, tuandamane katika mitaa hii ya mashariki mwa Nairobi, tujifunze namna ya kumtambua kambare asiyejulikana, na kwa nini kufanya hivyo ni jambo linalotuhusu sisi sote, hata tusiofuga samaki.

ANZA GIKOMBA

Kabla ya kumtambua mgeni, sharti umjue mwenyeji. Mahali pazuri pa kuanzia ni soko la Gikomba, lililo kando ya Mto Nairobi. Watu wengi hulijua kwa mitumba, lakini upande wa samaki ni shule isiyodai karo. Humo hufika samaki kutoka Ziwa Victoria na Ziwa Turkana, wabichi, waliokaushwa na waliokaangwa. Usiende na haraka. Mwombe mama anayeuza akuruhusu utazame, na ununue angalau kipande usije ukamharibia biashara.

Wa kwanza kumtafuta ni kambare mwenyewe, ambaye Wajaluo humwita mumi. Kichwa chake ni kipana na bapa, ngozi haina gamba hata moja, na masharubu yake ni manane. Pezi la mgongo ni refu ajabu. Laanza nyuma kidogo ya kichwa na kwenda karibu kufika mkiani bila kukatika.

Wa pili, ukibahatika kumpata, ni okoko, ambaye ndugu zetu wa upande wa Mwanza humwita gogogo. Huyu ana masharubu sita, na yale manne ya kidevuni yana matawi madogo kama mizizi. Ana miiba mitatu mikali, mmoja mgongoni na mmoja kila ubavu. Akitolewa majini hutoa sauti ya kukwaruza. Sauti hiyo haitoki kooni. Ni shina la mwiba wa ubavuni linalosuguana na mfupa unaolishikilia.

Wa tatu ni seu. Masharubu yake ni manane kama ya mumi, lakini mgongoni ana mapezi mawili: la mbele lenye vijiti, na la nyuma, refu na laini, lisilo na kijiti chochote.

Na kamongo je? Wengi humweka katika kundi hili kwa sababu naye ni mrefu, mweusi na mtelezi. Huyo si kambare hata kidogo. Hana masharubu, ana mapafu, na mapezi yake ya chini ni kama kamba mbili mbili zinazoning'inia.

Umeona, msomaji, kwamba tumewatenganisha wanne bila kitabu wala darubini. Tumeuliza maswali manne tu. Je, ana magamba? Masharubu ni mangapi, na yana matawi? Mgongoni kuna mapezi mangapi? Mdomo wake umekaa vipi? Maswali hayo hayo ndiyo tutakayokwenda nayo hadi kwenye tangi la kioo.

WAGENI WA BURUBURU NA UMOJA

Samaki wengi wa mapambo asili yao si Kenya. Baadhi husafirishwa kwa ndege katika mifuko ya plastiki iliyojazwa maji na hewa, wengine huzalishwa humu humu kutokana na wazazi wa kigeni. Akifika dukani, jina lake la kweli limekwisha kupotea njiani, na lililobaki ni la kibiashara.

Chukua yule anayegandamana na kioo kwa mdomo. Mpapase, nawe utahisi kwamba mwili wake haukufunikwa kwa ngozi laini kama ya mumi bali kwa mabamba magumu ya mfupa yaliyopangwa kama mabati ya paa. Huyo ni wa jamii ya Loricariidae, na kwao ni Amerika Kusini. Katika jamii hiyo kuna mamia ya aina, na hapa ndipo mnunuzi huangukia shimoni, kwa kuwa watoto wao hufanana sana.

Siri iko kwenye pezi la mgongo. Ngoja alisimamishe, kisha uhesabu vijiti vinavyolishikilia, kama unavyoweza kuhesabu fito za mwavuli. Vikiwa 10 au zaidi, pezi likawa kubwa kama tanga la jahazi, huyo yaelekea ni Pterygoplichthys. Usidanganywe na udogo wake wa leo. Anaweza kufika karibu nusu mita, na tangi lako la sebuleni litakuwa kwake kama ndoo. Vijiti vikiwa 7 au 8 tu, mtazame pua. Madume ya jamii ya Ancistrus huota vijinyama vingi puani kama ndevu za mzee, nao hawapiti sana urefu wa kiganja. Huyo ndiye anayefaa nyumba ya vyumba viwili.

Yuko mwingine, mdogo, mwenye safu mbili za mabamba kila ubavu na masharubu mafupi, anayependa kukaa na wenzake na kuchakura mchanga. Kwa miaka mingi huyu ameitwa Corydoras. Mwaka 2024 wanasayansi waliligawa kundi hilo kubwa, na aina nyingi zikahamishiwa majina mengine, kama Hoplisoma. Kwa hiyo hata aliyejua jina jana ana la kujifunza leo.

Wapo pia wanaouzwa kama papa wadogo. Ni wa rangi ya fedha, wana pezi fupi lililosimama mgongoni, na hawatulii. Hesabu masharubu. Yakiwa manne tu, huyo ni Pangasianodon hypophthalmus wa Mto Mekong huko Asia, ambaye hufugwa kwa wingi nchini Vietnam kwa ajili ya kitoweo. Hufikia zaidi ya mita moja na uzito wa zaidi ya kilo 40. Tafakari hilo kabla ya kumweka juu ya meza ya televisheni.

Kisha yuko anayeogelea chali, tumbo likitazama juu. Usidhani amekufa. Ana masharubu sita yenye matawi, kwa hiyo ni ndugu wa okoko wetu. Huyu ni Synodontis nigriventris wa bonde la Mto Kongo. Jina hilo la Kilatini lina maana ya tumbo jeusi, kwa kuwa tumbo lake ni jeusi kuliko mgongo, kinyume cha samaki wengine. Anapoogelea chali, weusi huo ndio unaomficha asionekane na adui aliye juu.

Mwisho kuna wa kuogopwa. Ukimwona kambare mnene kama soseji, mwenye masharubu sita, asiye na pezi la mgongo lenye vijiti ila lile laini tu karibu na mkia, usitie mkono majini. Huenda huyo ni kambare wa umeme, Malapterurus, anayepatikana pia katika Ziwa Turkana. Aina kubwa zaweza kutoa mshtuko wa volti 350.

WASIO NA JINA

Huenda ukafuata maswali hayo yote na bado usipate jibu. Usijilaumu. Kuna kambare wanaouzwa ambao hata wataalamu hawajawapa jina.

Mwaka 1988 jarida la Kijerumani la wafugaji samaki, DATZ, lilikabiliwa na tatizo hilo hilo. Kambare wenye mabamba walikuwa wakiwasili kwa wingi kutoka mito ya Brazil na nchi jirani, na wengi hawakuwa katika kitabu chochote. Jarida likaamua kumpa kila mgeni herufi L na nambari, likachapisha picha yake na mahali alikovuliwa. Zimepita nambari mamia tangu hapo. Wengine wamekwisha kupewa majina kamili na wengine wangali wanaitwa kwa nambari, kama mahabusu wanaongojea kesi yao itajwe.

Wapo pia machotara. Baadhi ya wazalishaji wa ng'ambo huchanganya aina mbalimbali za Synodontis ili wapate madoa ya kuvutia. Mtoto wa namna hiyo hata ukimpeleka kwa bingwa hatapata jina moja, kwa sababu hana ukoo mmoja.

Tena majina yenyewe huhama. Yule mumi wa Gikomba alielezwa kitaalamu mwaka 1822 na msafiri Mwingereza, William Burchell, aliyemkuta Afrika Kusini katika Mto Gariep, ambao wengi huujua kama Orange. Ndiyo sababu anaitwa Clarias gariepinus. Lakini kwa muda mrefu mumi wa Afrika Mashariki aliitwa Clarias mossambicus, na wa Mto Nile akaitwa Clarias lazera. Ilikuwa katika miaka ya 1980 ambapo Mbelgiji Guy Teugels, baada ya kupima na kulinganisha samaki wengi waliohifadhiwa, alionyesha kwamba wote hao ni aina moja. Kwa hiyo samaki anayekaangwa Gikomba amebeba jina la mto ulio maelfu ya kilomita kutoka hapa.

MTO ULIO NYUMA YA NYUMBA

Sasa tutoke sebuleni, twende mtoni. Eastlands ni nchi ya mito, ingawa wengi wetu huitambua kwa harufu kabla ya kuiona. Mto Nairobi hupita Gikomba na kuelekea Dandora. Mto Mathare huungana nao huko. Mto Ngong hutoka upande wa Industrial Area na Mukuru, nao hukutana na Mto Nairobi mashariki, upande wa Njiru. Maji hayo yote huingia Mto Athi, hupita Tsavo kwa jina la Galana, na hatimaye humwagika Bahari ya Hindi karibu na Malindi kwa jina la Sabaki. Kinachotupwa Kayole chaweza kufika pwani.

Je, wajua kwamba bonde hilo la Athi lina kambare wake ambaye hadi hivi majuzi hakuwa na jina? Ni samaki mdogo wa Amphilius, mwenye kichwa bapa, anayeishi katikati ya mawe kwenye maji safi yaendayo kasi. Kwa miaka mingi alihesabiwa pamoja na ndugu zake wa mito mingine. Mwaka 2010 wataalamu wawili, Alfred Thomson na Lawrence Page wa Florida, Marekani, walilichunguza upya kundi zima hapa Kenya, wakaona kwamba wa Athi ni aina ya peke yake. Wakamwita Amphilius athiensis, yaani wa Athi.

Miaka mitano baadaye, mwaka 2015, wakaja wengine wawili. Ray Schmidt, Henry Bart na mtaalamu wetu wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, Dkt Dorothy Wanja Nyingi, walitangaza aina mbili mpya za Chiloglanis. Mmoja ni Chiloglanis kerioensis wa Mto Kerio. Wa pili ni Chiloglanis devosi wa Ewaso Ng'iro ya kaskazini, aliyepewa jina kumkumbuka Luc De Vos, Mbelgiji aliyeongoza idara ya samaki katika makavazi hayo na aliyefariki mwaka 2003.

Hao Chiloglanis wana jambo la kushangaza. Midomo yao imeumbwa kama kikombe cha kunyonyea, na hujishikiza kwenye mawe mto usiwachukue. Naam, hata sisi tuna wagandamanaji wetu! Tofauti ni kwamba wa kwetu ni mdogo, ngozi yake ni laini, na masharubu yake yameungana na midomo. Wa Amerika Kusini ana mabamba. Ukivua samaki wa kugandamana katika kijito cha mlimani huko ushago, mpapase kwanza. Akiwa laini, ni mwenyeji. Akiwa na mabamba, kuna mtu aliyemtupa humo.

MDHARAU MWIBA

Hapa ndipo penye uzito wa habari hii. Samaki wa kioo akikua kupita kiasi, mwenye nyumba humwonea huruma. Hataki kumwua, na hana pa kumweka. Humtia ndoo, akamwachilia mtoni au bwawani, akidhani amemfadhili.

Kambare wengi si samaki wa kufa kirahisi. Mumi ana kiungo maalumu cha kuvutia hewa. Pterygoplichthys humeza hewa na kuivuta kupitia tumbo lake, kwa hiyo maji machafu yaliyoua wengine yeye huyavumilia. Madume huchimba mashimo marefu katika kingo za mto ili kulinda mayai, na kingo hizo huporomoka. Baridi ya Nairobi ya Julai yaweza kumsumbua, lakini kumbuka kwamba mto hauishii Nairobi. Huteremka hadi nyanda za joto.

Tusiseme hayo ni ya mbali. Katika bwawa la Infiernillo nchini Mexico, miaka ya 2000, wavuvi wa tilapia walijikuta wakivuta nyavu zilizojaa kambare hao wenye mabamba, na miiba yao ikizirarua. Huko KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, wamekwisha kuzaana katika Mto Nseleni. Nasi wenyewe tuna kovu. Kamba wa maji baridi kutoka Marekani walitiwa Ziwa Naivasha mwaka 1970, wakala mimea ya majini iliyokuwa kimbilio la samaki. Mbuta aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na ingawa ametupa kitoweo na pesa, aina nyingi za fulu zimetoweka. Hao waliletwa kwa makusudi ya uvuvi. Itakuwa aibu kubwa kuleta balaa la pili kwa sababu tu tangi la mtu limekuwa dogo.

Na hata usipomwachilia kwa mkono wako, mvua yaweza kukufanyia kazi hiyo. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliingia ndani ya nyumba za Mathare na Mukuru. Mwenye kidimbwi cha samaki karibu na mto lazima alikumbuke hilo.

UFANYE NINI?

Kwanza, kabla hujanunua, mwulize mwuzaji maswali matatu: samaki huyu hutoka wapi, hula nini, na hufikia urefu gani? Asipojua, hesabu masharubu na vijiti mwenyewe. Bei nafuu isikutie haraka.

Pili, ukishindwa kumtambua, mpige picha tatu: ubavu, mgongo, na tumbo pamoja na mdomo. Weka rula kando yake. Andika ulikomnunua au mahali hasa alikovuliwa, kwa kuwa picha bila mahali ni nusu ya habari. Makavazi ya Kitaifa, pale Museum Hill, yana idara ya samaki yenye maelfu ya samaki waliohifadhiwa kwenye chupa. Kitabu cha Dkt Nyingi cha mwaka 2013 kuhusu samaki wa maji baridi wa Kenya nacho kitakusaidia kuwatambua wenyeji.

Tatu, ukimshika, tumia chombo cha plastiki badala ya wavu. Miiba hunasa kwenye nyuzi, na samaki huumia pamoja na mkono wako.

Nne, maji ya mfereji yana klorini. Yaache kwenye ndoo iliyo wazi usiku kucha kabla ya kuyatumia. Katika mitaa ambako maji huja kwa zamu, hifadhi ya samaki itengwe mapema, usije ukanyang'anyana mtungi na wapishi.

Tano, akikushinda, mrudishe dukani au umpe mwenye tangi kubwa. Usimtupe mtoni, bwawani wala chooni.

Watoto wetu wa Eastlands wanayajua majina ya wachezaji wa timu za Uingereza mmoja mmoja, pamoja na nambari za jezi zao. Hawashindwi kujifunza masharubu ya samaki. Jumapili hii, baada ya chakula, waite karibu na kioo, mwape karatasi na kalamu, wamhesabu yule wa rangi ya matope aliyejificha nyuma ya jiwe. Huenda wakakuambia jina lake kabla ya jua kutua. Na siku moja huenda mmoja wao akapanda juu ya mto Athi, mahali maji yangali safi, akainua jiwe na kukuta samaki ambaye bado anangoja jina.